Safari ya boti Mto Rufiji: maswali mnayoniuliza kila msimu

Masika yakishakatika, simu huanza kuita. Maswali ni yale yale kila mwaka na majibu yangu hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote kwa pamoja. Nimefuatana na watu wa kila namna kule Rufiji: maharusi, wastaafu, wanafunzi, na babu mmoja aliyelala fofofo safari nzima kisha akasema amefurahi kuliko sisi sote. Bei sitaji, kwa sababu zinabadilika kabla wino haujakauka. Mengine yote uliza, na huenda jibu liko hapa chini.

Tukisema Rufiji, tunazungumzia sehemu gani hasa?

Rufiji inaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana. Inapokea maji ya Ruaha Mkuu karibu na korongo la Stiegler, kisha inatoka kwenye vilima na kutandaa kwenye tambarare hadi Bahari ya Hindi. Urefu wake ni kama kilomita 600.

Kwa msafiri kuna Rufiji mbili. Ya kwanza iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, upande wa lango la Mtemere na kijiji cha Mloka. Huko mto ni mpana, una mafungu ya mchanga, miti ya mivumo imesimama ukingoni, na pembeni kuna maziwa yaliyounganishwa na vijito: Tagalala, Manze, Nzerakera na mengineyo. Ya pili ni delta, huko Kibiti, mto unapogawanyika mikono mingi na kupotelea kwenye mikoko. Wengi mnaoniuliza mnataka ya kwanza. Ya pili inaonewa, nayo nitaifikia.

Na kwa wale wanaoniuliza Selous imekwenda wapi: hifadhi ya Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ikachukua kilomita za mraba 30,893. Madereva wa zamani bado wanasema "tunaenda Selous". Usibishane nao, mnaenda pamoja.

Kwa nini nipande boti wakati wanyama naweza kuwaona kwa gari?

Kwa gari unawafuata wanyama. Kwa boti unakaa, wao ndio wanaokuja, kwa sababu kiangazi maji yako hapo tu.

Halafu kuna jambo la urefu. Kwenye gari unamtazama tembo kutoka juu au usawa wa macho. Kwenye boti umekaa karibu kabisa na maji, na yeye yuko juu ya ukingo. Nakumbuka jike mmoja alishuka na ndama wake mita kama 30 kutoka tulipokuwa. Nahodha alikwishazima injini, tukawa tunaelea tu. Tulimsikia akivuta maji kwa mkonga, kisha akiyamwaga mdomoni, kama mtu anayemimina mtungi. Ndama alikuwa bado hajui kutumia mkonga wake, akapiga magoti akanywa kwa mdomo. Hakuna aliyesema neno. Kwenye gari tungekuwa na mlio wa injini, vumbi, na dereva anayesikiliza redioni simba wameonekana wapi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na utauona unajirudia humu: safari ya boti inaharibika pale inapogeuzwa mbio za kutafuta wanyama. Ukitaka kukimbizana na simba, chukua gari. Mtoni unapanda ili ukae.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba, kwa jibu fupi. Mvua zimekwisha, nyasi zimelala, vidimbwi vya porini vimekauka na wanyama wanasogea mtoni.

Lakini miezi hiyo haifanani. Juni na Julai kuna ubaridi wa asubuhi ambao watu wa Dar es Salaam huwa hawauamini mpaka boti iondoke. Upepo wa kwenye maji unapenya shati. Mandhari bado ina kijani. Agosti na Septemba maji yanapungua, mafungu ya mchanga yanajitokeza, mamba wanaota jua kila mahali. Mimi huchagua mwanzo wa Septemba. Oktoba joto linakuwa la kweli kweli na anga lina ukungu wa vumbi na moshi, ila ndio mwezi wa kuona wanyama wamejazana.

Mvua za vuli zikianza Novemba, ndege wahamiaji huwa wanaingia, na anayependa ndege atafurahi zaidi Januari kuliko Agosti. Machi nisingemshauri mtu. Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa, barabara ya udongo inageuka tope, na mto wenyewe si wa kuchezea. Aprili 2024 mafuriko yaliingia kwenye makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu wakahama nyumba zao. Huo si wakati wa kwenda kutalii.

Asubuhi au jioni?

Ukiwa na nafasi moja tu, jioni. Ondokeni saa kumi, jua likiwa limeanza kulegea, mrudi kabla ya giza. Kiangazi jua linazama kama saa kumi na mbili na robo hivi, na ile nusu saa ya mwisho mto unageuka rangi ya shaba huku mivumo ikibaki vivuli vyeusi. Picha nzuri zote mnazoziona zimepigwa muda huo.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, ni ya ndege na ya utulivu. Viboko ndio wanarudi majini kutoka malishoni, na ukibahatika unamwona mmoja aliyechelewa akiteremka ukingo kwa aibu kama mtu aliyekesha ngomani.

Adhuhuri msiende. Kuna kampuni moja iliwahi kutupangia saa sita mchana "kwa sababu boti iko wazi muda huo". Boti ilikuwa wazi kwa sababu hakuna mwenye akili aliyeitaka.

Viboko hawatupindui?

Hili ndilo swali nambari moja, na sitalijibu kwa mkato.

Kiboko ni mnyama wa hatari, usidanganywe na ule mwili wa kitambi. Dume kubwa linapita kilo 1,500. Mchana anashinda majini, usiku anapanda kula majani. Na haogelei kama wengi wanavyodhani. Anatembea au kuruka-ruka chini kabisa ya mto, anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano, kisha anaibuka pale usipomtarajia.

Sasa, kinachomfanya kiboko ashambulie ni kukatiwa njia. Akiwa nchi kavu au kwenye maji mafupi, usalama wake uko kwenye maji marefu. Boti ikijiweka katikati, yeye anaona amezibiwa mlango. Kwa hiyo nahodha anayejua kazi haendi katikati ya mto kichwa kichwa; anatafuta viboko wako wapi, maji marefu yako wapi, halafu anapita upande ambao haumwachi kiboko bila kwa kukimbilia.

Kaa karibu na nahodha umtazame macho. Wakati ninyi mnapiga picha, yeye anahesabu vichwa. Safari moja vilikuwa kumi na kimoja. Tuliposogea vikawa kumi. Nahodha akarudisha mshiko wa injini, boti ikasimama, akanyamaza akitazama maji. Abiria mmoja akauliza, "Kapteni, kuna tatizo?" Akajibu, "Namsubiri mmoja." Baada ya dakika tatu hivi kichwa cha kumi na moja kikaibuka kushoto kwetu, mbali na wenzake, kikapuliza maji puani. Ndipo tukaendelea, kulia.

Huo ndio usalama. Ukimwona nahodha anakata katikati ya kundi ili mpate picha ya kiboko amepanua mdomo, mwambie mnataka kurudi. Ule mdomo si mwayo, ni onyo.

Na mamba?

Mamba wa Rufiji ni wengi na ni wakubwa, na wanaoumizwa nao si watalii. Ni wanakijiji wanaochota maji, wanaofua, wanaovua kwa mitumbwi midogo. Mgeni aliyekaa ndani ya boti ya kawaida hana sababu ya hofu maadamu mikono na miguu imebaki ndani.

Ukimwona mamba amelala mchangani na mdomo wazi, anapoza mwili. Sogeeni polepole na huenda asitikisike kabisa, mpaka ghafla anateleza majini bila hata kurusha tone. Wenye watoto, onyesheni hilo. Ni somo zuri la kwa nini hatuchezei maji.

Kwa hiyo kuogelea…

Hapana. Hata miguu usitumbukize. Ukiacha mamba, kwenye maji yaliyotulia ya maziwa kuna uwezekano wa kichocho.

Mama yangu ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Mlete. Mara nyingi wazee ndio wanaofaidi safari hii kuliko vijana, kwa kuwa hawana haraka na hawatafuti mtandao.

Shida iko sehemu mbili. Kwanza kupanda na kushuka. Mahali pengi hakuna gati. Boti inaegeshwa kwenye ukingo wa udongo, pengine na ngazi fupi za kuchonga. Uliza mapema ukingo ukoje siku hizo, maana mto unabomoa na kujenga upya. Mama apande wa kwanza kabla boti haijaanza kuyumba kwa watu, ashikwe mikono yote miwili, na akae kiti cha nyuma kidogo ya katikati ambako mtikisiko ni mdogo. Mchukulie mto wa kukalia.

Pili ni barabara ya kufika huko, ambayo kusema kweli inachosha kuliko boti. Mkiweza, lalieni njiani au fikeni siku moja kabla. Msimshushe kwenye gari baada ya mwendo wa saa sita na kumpandisha botini papo hapo.

Watoto je?

Kambi nyingi zina umri wao wa chini kwa boti, uliza kabla. Binafsi naona mtoto asiyeweza kukaa saa mbili bila kusimama-simama abaki kambini na mtu mzima mmoja. Jaketi okozi liwe la saizi yake. La mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini, kwa hiyo usikubali kuambiwa "litamtosha tu".

Boti zenyewe zikoje? Kuna choo?

Zilizozoeleka ni za faiba au bati la alumini, chini bapa, watu sita hadi kumi na wawili, turubai juu, injini moja nyuma. Chini yake ni bapa kwa sababu mto una mafungu ya mchanga kila mahali. Kabla ya kuondoka tazama vitu vinne: jaketi okozi kwa kila mtu, makasia au upondo, redio au simu inayofanya kazi, na dumu la akiba la mafuta. Nahodha mzuri hakasiriki ukiuliza.

Choo hakuna. Nendeni kabla, punguzeni chai. Kwa safari ndefu nahodha anajua kisiwa cha mchanga kilicho wazi anachoweza kukikagua na kuwashusha mmoja mmoja. Usijichagulie mwenyewe kichaka.

Tukikwama kwenye mchanga?

Mtakwama. Labda si safari ya kwanza, ila siku moja mtakwama. Rufiji inabeba udongo mwingi na njia ya maji marefu inahama. Fungu ambalo wiki iliyopita halikuwepo leo liko katikati ya njia. Manahodha husoma uso wa maji: pale yanapokunja-kunja na kumeta ni mafupi, pale yanapopita laini na rangi imekoza ni marefu. Jioni mwanga ukiwa machoni, kusoma huko kunakuwa kazi.

Tulivyokwama mara ya mwisho ilikuwa hivi: boti ilisugua chini, ikasita, ikasimama. Nahodha akainua injini, akatuomba wanne wa mbele tuhamie nyuma taratibu, akachukua upondo akaukita mchangani na kusukuma huku msaidizi wake akitikisa boti kushoto na kulia. Dakika ishirini. Bwana mmoja alilalamika mwanzo hadi mwisho kwamba amelipa fedha yake, na tulipotoka akalalamika kwamba tumechelewa chakula. Wengine hawatibiki.

Lililo muhimu ni kwamba hakuna abiria anayeruka kwenda kusukuma, hata kama maji yanaonekana ya magotini.

Nitaona ndege gani? Mimi si mtaalamu.

Huhitaji utaalamu. Furukombe utamsikia kabla hujamwona: anatupa kichwa nyuma na kupiga ule ukelele unaosikika mto mzima. Ana kichwa cheupe na mwili wa hudhurungi, na hupenda kukaa juu ya mivumo iliyokufa. Mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani palepale kama amefungwa uzi, kisha anajirusha majini. Kerem wanachimba mashimo kwenye kingo za mto zilizosimama wima kama ukuta. Ukingo mzima unakuwa na matundu kama chujio, na ndege wanaingia na kutoka kwa makumi.

Mmoja ninayemtafuta kila safari ni yule ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu mwekundu, ambaye taya la chini ni refu kuliko la juu. Anaruka chini kabisa juu ya maji yaliyotulia, taya la chini limezama, anachora mstari mrefu mtoni. Likigusa samaki, mdomo unafunga. Hutaga mayai kwenye mchanga mtupu, ndiyo maana namsihi nahodha asipande mafungu ya mchanga ovyo wakati wa kiangazi. Mawimbi ya boti inayokwenda kasi nayo yanafagia mayai. Sababu nyingine ya kwenda taratibu.

Mbung'o, mbu, malaria?

Mbung'o wapo porini, hasa kwenye gari. Wanavutiwa na nguo za bluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi ziache nyumbani. Katikati ya mto huwaoni sana. Mbu wanaanza jua likizama: mikono mirefu, dawa ya kujipaka, chandarua usiku. Kuhusu vidonge vya kukinga malaria, ongea na daktari wako kabla ya safari, hasa mjamzito na watoto.

Lakini niseme ukweli. Watu wanakuja wakiogopa mamba na kiboko, wanaondoka wameunguzwa na jua. Maji yanarudisha mwanga usoni kutoka chini, na turubai la juu halizuii hilo. Nimeona mtu mweusi tii kama mimi akibabuka pua kwa sababu alidhani mafuta ya jua ni ya Wazungu. Kofia yenye ukingo mpana, kanga au skafu ya shingoni, maji ya kunywa lita moja na nusu kila mtu. Mengine ni nyongeza.

Nibebe nini kingine?

Darubini, hata moja kwa familia. Mfuko usiopitisha maji kwa simu. Sweta kama ni Juni au Julai. Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo vyakula viwekwe kwenye makopo. Droni usiibebe bila kibali. Spika ya muziki usiibebe kabisa, na hapo sijali kama kibali kipo.

Tunafikaje?

Kutoka Dar es Salaam kwa gari mnapita Mkuranga hadi Kibiti kwenye lami, kisha mnakata kulia barabara ya udongo hadi Mloka na lango la Mtemere. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 200. Hesabu saa tano au sita, na zaidi kama mvua imenyesha. Gari liwe la juu. Upande wa Morogoro kuna njia ya Kisaki hadi lango la Matambwe, nzuri kwa macho, mbaya kwa mgongo. Treni ya TAZARA nayo inapita pale, inafaa mwenye muda na subira. Ndege ndogo za Dar hutua viwanja vya ndani ya hifadhi kwa chini ya saa moja.

Malipo yanafanyikaje?

Viingilio ni vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huhesabiwa kwa saa 24 na hulipwa kwa namba ya malipo au kadi. Usitegemee kutoa fedha taslimu langoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana ukilinganisha na wageni wa nje, hivyo kitambulisho kisisahaulike. Boti hulipwa mbali, kwa kampuni au kambi. Uliza kama bei ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Nimesikia bwawa limeumaliza mto. Bado kuna cha kuona?

Kipo. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa pale kwenye korongo la Stiegler, lililoitwa hivyo kutokana na Mzungu aliyeuawa na tembo hapo mwaka 1907. Kujaza maji kulianza Desemba 2022, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Zamani boti zilikuwa zikipanda hadi kuingia korongoni kati ya kuta za miamba. Hiyo hesabu imekwisha.

Safari za siku hizi ziko chini ya bwawa. Mto wa leo haupandi na kushuka kwa kufuata mvua peke yake, unafuata na maji yanayoachiwa. Kwa mtalii ni suala la mafungu ya mchanga. Kwa Mrufiji ni suala la shamba. Watu wa bonde hili wamelima mlau tangu enzi, yaani mazao yanayopandwa kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, wakilala kwenye madungu marefu ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Ukipita nje ya hifadhi utayaona madungu hayo. Waulize wenyewe mto umebadilikaje. Watakujibu vizuri kuliko mimi, na pengine kwa saa nzima.

Sasa hiyo delta uliyosema inaonewa?

Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa namna yake Afrika Mashariki. Hakuna kambi za kifahari na hutaona tembo anakunywa maji. Utaona kitu kingine: mto unaokwenda mbele na kurudi nyuma.

Huku anayepanga ratiba ni bahari. Maji yakijaa unapenya vijito vyembamba chini ya matawi. Yakipwa, mizizi ya mikoko inabaki wazi, kaa wanatoka kwa maelfu, na boti yako inakaa juu ya tope mpaka bahari iamue. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, tofauti ya maji hupita mita tatu, na kilele cha maji kujaa huangukia alasiri, kama saa kumi hivi. Kwa hiyo panga safari kwa kutazama mwezi: siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, ingieni na maji ya mchana yanayojaa, mtoke nayo. Maji mafu, yale ya kujaa na kupwa kidogo, hayakwamishi sana lakini hayakuingizi mbali.

Mwombe mwenyeji akufundishe miti. Mkoko ndio wenye miguu mingi kama buibui. Mchu umechomoza vijiti vya kupumulia ardhini kama penseli zilizokitwa. Kuna msinzi, kuna mkandaa, kuna mkomafi wenye tunda la mviringo kubwa kama chungwa au zaidi. Boriti za huku zilijenga nyumba za mwambao mzima na kupakiwa majahazini hadi Uarabuni.

Na kuna kisa cha meli. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha humu deltani. Waingereza walihangaika miezi kadhaa kuifikia, kwa kuwa meli zao kubwa zilihitaji maji marefu. Mwishowe wakaleta mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia. Wajerumani wakaichomoa mizinga yake kumi, wakaiburuta nchi kavu wakaendelea nayo vitani. Mmoja unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe imemezwa na tope, kwa hiyo usiende ukitarajia kuona bomba la moshi. Unakwenda kukaa ndani ya kijito kilichotulia, mikoko pande zote mbili, ukajiuliza watu waliificha vipi meli ya zaidi ya mita 100 humu.

Njia ni Bungu, kisha Nyamisati, mahali zinapoondoka boti za Kilindoni, Mafia. Tafuta nahodha wa hapo hapo kupitia serikali ya kijiji, mkubaliane bei kabla, na hakikisha jaketi zipo. Kama huna mwenyeji, usijitose.

Naweza kumwambia nahodha azime injini, au ni utovu wa adabu?

Mwambie, na umwambie kabla hamjaondoka. Manahodha wengi wamezoea wageni wanaotaka kuona vingi kwa muda mfupi, hivyo wanakimbia wakidhani wanakufurahisha. Msalimie, muulize jina, kisha sema: "Kapteni, leo hatuna haraka. Ukiona pazuri na salama, tuzimie injini tuelee." Utaona uso wake unavyobadilika.

Akikataa mahali fulani, usishindane naye. Ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko chini ya maji. Akikubali, atainua injini kidogo, ataacha mkondo ubebe boti, na msaidizi atakaa mbele na upondo mkononi. Nyamazeni wote. Dakika mbili za kwanza mtasikia masikio yenu yenyewe. Halafu mtaanza kusikia maji yakigonga ubavu wa boti, na udongo ukimeguka ukingoni, kidogo kidogo, ukidondoka mtoni.